Njia Nne na Shuka Moja

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana bila hata kupiga hodi. Nilikuwa narekodi tangazo la duka la magodoro. Mtangazaji alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye neno "usingizi" bati likaanza kelele. Tukangoja, tukanywa chai, tukangoja tena. Mwishowe akaniaga, akasema atarudi kesho, na kesho nayo itanyesha vilevile.

Daftari hili lilikuwa la kuandikia maiki imekaa wapi na sauti imefunguliwa kiasi gani. Kuanzia leo naandika na mengine, kwa sababu msimu huu nina kazi moja ambayo sitaki kuiharibu.

Mama yangu na ndugu zake ni wanne, wote wanawake. Mama Mkubwa ndiye wa kwanza. Anafuata yule tunayemwita Mama Kati, kisha mama yangu, kisha Mama Mdogo. Bibi alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, na wanawe hawa walikua wakikunja mashuka, kila mmoja na pembe yake. Bibi aliwatungia nyimbo saba za kukunjia, na hakuna hata mmoja uliowahi kuandikwa wala kurekodiwa. Sasa Mama Mkubwa ana uvimbe kwenye tezi ya shingo. Atapasuliwa tarehe 24 Aprili. Daktari amemwambia waziwazi kwamba neva inayoendesha sauti inapita palepale: sauti inaweza kubaki, inaweza kubadilika, inaweza kwenda zake.

Alikuja jioni chini ya mwavuli wake mweusi, akakaa kwenye kiti cha mtangazaji kana kwamba ameajiriwa.

"Uturekodi wote wanne," akasema. "Na kila mmoja awe kwenye njia yake. Nataka ijulikane nani anakimbia."

Hiyo ni kesi ya zaidi ya miaka arobaini. Mama Mkubwa anadai Mama Mdogo huingia kwenye kila mstari kabla ya wenzake. Mama Mdogo anasema si kweli. Mama Kati na mama yangu walishachoka kutoa ushahidi.

Tatizo ni kisanduku changu. Ndicho kinachopokea waya za maiki na kupeleka sauti kwenye kompyuta, kila maiki na njia yake, ili baadaye uweze kumsikiliza mtu mmoja bila wenzake. Kina matundu mawili ya maiki, na wao ni wanne.

Jumatano, 13 Machi

Tangazo la magodoro limekwisha, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu asubuhi. Mvua ikaanza tunafungasha.

Jumamosi, 16 Machi

Nimejaribu kuwarekodi mmoja mmoja, kama ninavyofanya na watu wengine. Mama alianza sehemu yake vizuri, mstari wa tatu akahamia sehemu ya Mama Kati, wa tano akarudi, wa saba akaniuliza yuko wapi. Mama Kati alicheka tu. Mama Mdogo alisimama katikati ya wimbo, akasema, "Hapa huwa navutwa," lakini hakuweza kunieleza anavutwa na nini. Mama Mkubwa peke yake ndiye aliyeimba mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, na akahesabu huo kuwa ushahidi wa kwanza.

Nikaweka maiki moja katikati wote waimbe pamoja. Akasikika Mama Mkubwa, na wengine watatu wakawa kama wako kwa jirani. Mama Mkubwa mwenyewe aliposikiliza hakufurahi. Alisema kama ni hivyo, wajukuu watadhani aliimba peke yake na wadogo zake walikuja kumshika mkono.

Nahitaji kisanduku kingine.

Jumapili, 17 Machi

Mume wangu, ambaye ni fundi bomba na anajua maji yanavyopita, ameniuliza habari ya dari. Tulikuwa tumeweka akiba ya kuweka dari kwenye chumba cha kurekodia kabla ya mvua. Nimemwambia dari litangoja. Akalitazama bati, akaenda kupanga spana zake upya.

Jumatano, 20 Machi

Naandika haya huku nikijionea aibu.

Jana nilikwenda kwenye duka la vyombo vya muziki. Muuzaji wa pale namwita Hakuna Shida, kwa sababu ndilo jibu lake la kila kitu. Nilimwambia nataka kurekodi watu wanne kwa mpigo. Akanishushia maboksi matatu kutoka juu: kisanduku kimoja cha njia nne, kimoja cha njia sita, kimoja cha njia nane. Nikajiambia kama nane zipo, nne za nini? Leo ni akina mama, kesho ni kwaya. Nikachukua cha nane, nikakipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Leo asubuhi nimekifungua. Matundu nane yapo, sikuibiwa. Ila mawili tu ndiyo ya maiki. Sita yaliyobaki ni ya vinanda vya umeme na mashine nyingine ambazo sauti yake inatoka ikiwa imeshakuzwa. Sauti ya maiki ni ndogo mno. Bila kikuza sauti ndani ya kisanduku, unaweza kuimba mpaka utoke machozi, kompyuta isione kitu. Nimechomeka maiki kwenye tundu la tatu, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikapiga kelele. Kipimo cha sauti kikakaa pale pale chini, hakikutikisika.

Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii. Nimenunua kwa kuhesabu matundu kwenye picha ya boksi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekirudisha. Hakuna Shida kasema hakuna shida, kisha akaona boksi limefunguliwa, pakawa na shida. Mwenye duka yuko safarini mpaka mwezi ujao na yeye hana ruhusa ya kubadilisha. Nikamwambia angeniambia mapema kwamba ni matundu mawili tu ya maiki. Akanitazama vizuri, akasema alikuwa hajui kama kuna tofauti. Nimetoka pale nikimwona ni tapeli mwenye tabasamu.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Sikurekodi hata chafya.

Jumamosi, 30 Machi

Nimepata akili, au nilidhani nimepata. Mwalimu wa muziki wa shule ya jirani ana kisanduku cha matundu mawili kama changu. Nikakiazima pamoja na kompyuta yake. Mbili na mbili ni nne. Mama Mkubwa na mama kwangu, Mama Kati na Mama Mdogo kwenye cha mwalimu. Mama akapiga kofi moja kubwa mwanzoni, ili baadaye nilinganishe kofi kwa kofi na sauti zote zikae pamoja. Nikawaambia waimbe nyimbo zote saba bila kusimama, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshakaa vibaya.

Waliimba wamenyooka mbele ya maiki kama watu waliopanga foleni benki. Wimbo wa sita mvua ikaanza, nyepesi, wakaendelea hivyo hivyo. Nilijua mapema kwamba si rekodi ya kuweka. Lakini walipoondoka niliunganisha njia zote nne, nikasikiliza. Wimbo wa kwanza uko sawa. Wa nne, Mama Mdogo yuko mbele kidogo. Wa saba, yuko mbele kiasi cha mtu yeyote kusikia. Mama Kati naye alikuwa mbele, nikadhani anamfuata mdogo wake.

Mama Mkubwa alipopiga simu kuuliza, nikamwambia, "Ni kweli, Mama Mkubwa. Anawahi."

Alicheka kwa furaha mpaka akakohoa.

Jumapili, 31 Machi

Ujumbe wa Mama Mdogo umeingia saa moja asubuhi, kwetu sote: "Kama nakimbia basi nimeshafika. Msiningoje."

Jumanne, 2 Aprili

Nimepeleka visanduku vyote viwili kwa Fundi. Ni fundi redio wa zamani, kibanda chake kiko nyuma ya soko, na mkono wake ni wa polepole kiasi kwamba wateja huenda kununua mboga na kurudi kabla hajamaliza kufungua skrubu. Siku zote nimemwona ni mtu wa redio za mkulima. Nilikwenda kwake kwa sababu nilitaka mtu wa tatu aniambie kwamba nimesikia sawasawa.

Alivaa visikizi, akasikiliza wimbo wa kwanza, akaruka mpaka wa saba, akauliza kwa nini na huyu wa pili kutoka mwisho yuko mbele. Nikasema anamfuata mdogo wake. Akauliza kama wawili hao walikuwa kwenye kisanduku kimoja. Nikasema ndiyo. Akavua visikizi akaviweka mezani taratibu.

Akanieleza kwamba kila kisanduku kina saa yake ndani, inayokata sauti vipande maelfu na maelfu kila sekunde. Hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Ukirekodi dakika moja huoni kitu. Ukirekodi nusu saa, moja inaachwa nyuma, na watu waliomo wanaachwa nayo, hata kama waliimba wameshikana mikono.

"Umewapa ndugu saa mbili," akasema, "halafu unauliza nani kawahi."

Nilibaki nimekaa kwenye kigoda chake nikitazama skrubu. Nilitaka kulia na nikaona ni upuuzi kulia kwenye kibanda cha redio. Mama Mdogo hakuwahi hata nukta. Au labda aliwahi, lakini rekodi yangu haiwezi kujua, na mimi nilisema kama ninayejua.

Nilipokuwa naondoka nilimwomba ushauri wa kununua. Alisema maneno sita tu: "Usihesabu matundu. Hesabu vikuza sauti, binti." Kisha akaongeza kwamba viwe vinne vya maiki ndani ya kisanduku kimoja, chenye saa moja, basi. Nane ni za mtu mwenye ngoma nzima sebuleni.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimempigia Mama Mkubwa kumweleza kosa langu. Amenisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hizo ni habari za mafundi." Hakukubali hata kidogo. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda kwenye chumba cha kushonea cha Mama Mdogo. Anashona sare za shule, na msimu huu wa katikati ya muhula ni wa viraka na kuongeza pindo. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alinipa ncha ya sketi niishike wakati yeye anafumua upande wa pili, na hivyo ndivyo nilivyoomba msamaha, nimeshika sketi ya mtoto wa watu.

Nilimweleza habari ya saa mbili. Aliuliza swali moja tu, kama Fundi alisema hivyo au nimetunga njiani. Nikasema Fundi.

"Sikukasirikia wewe," akasema. "Wewe ulisoma mashine. Nimekasirika kwa sababu alifurahi."

Nikamwambia zimebaki siku kumi na nane. Akasema anajua kuhesabu. Akakata uzi kwa meno, akachukua sketi yake kutoka mkononi mwangu.

"Tafuta kwanza hicho chenye saa moja. Kikiwepo, utaniita."

Utotoni nilimwona Mama Mdogo ni mtu wa kununa. Leo nimemwona ni mtu anayepima.

Jumanne, 9 Aprili

Studio moja ya zamani mjini imefungwa na wanauza vitu vyao. Wana kisanduku cha vikuza sauti vinane, kizito, cha chuma, kizuri mno. Kinatumia chomeo ambalo kompyuta za siku hizi hazina tena. Unahitaji kiunganishi juu ya kiunganishi kingine. Nimekijaribu palepale na kompyuta yangu: dakika tisa kimekwenda safi, ya kumi kikaanza kunguruma na kompyuta ikakikana kama haijawahi kukiona. Muuzaji anasema ni mara mojamoja. Nimewaza ni wimbo upi kati ya saba ndio utakuwa hiyo mara moja. Nikakiacha.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna Shida amepiga simu. Nilitaka nisipokee.

Anasema tangu nilipomrudishia boksi hakulala vizuri kwa fedheha, kwa hiyo akaenda kwa Fundi, yule yule wangu, akamwomba amfundishe. Amekaa pale siku mbili za mapumziko yake. Sasa ameandika kikaratasi kwa kila kisanduku dukani: vikuza sauti vingapi, chomeo gani, kama kinatoa umeme kwa maiki zinazouhitaji. Mwenye duka amerudi, amekubali nibadilishiwe. Kile cha njia nne cha siku ile kimeshauzwa, lakini tawi lao lingine wanacho: vikuza sauti vinne, saa moja, chomeo la kisasa. Kitafika Alhamisi.

Nimemuuliza ana uhakika ni vinne vya maiki. Akasema amewaambia wakigeuze wahesabu kwa mkono, na si kwenye picha. Nimefuta neno tapeli kichwani. Kwenye ukurasa wa nyuma nimeliacha, liniaibishe.

Jumatatu, 15 Aprili

Zimebaki siku tisa. Mama Mkubwa anaimba nusu saa kisha sauti inakwama, uvimbe unabana. Daktari amekataa kuahirisha. Mvua asubuhi, mvua mchana.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakikufika. Maji yamepita juu ya daraja, magari yamelala upande wa pili.

Ijumaa, 19 Aprili

Kimefika saa kumi jioni, kimefungwa kwa nailoni tatu. Hakuna Shida amekileta mwenyewe kwa miguu, suruali imelowa mpaka magotini. Nimechomeka maiki nne, nikasema "moja" kwenye kila tundu. Taa nne zimewaka. Mume wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijidai anatafuta koleo, alisema zinapendeza.

Nimemwita Mama Mdogo. Akauliza, "Saa ngapi humo ndani?" Nikasema moja. Akasema atakuja.

Jumamosi, 20 Aprili

Walifika saa moja asubuhi, mbingu ikiwa bado inajifikiria. Mama Mkubwa na Mama Mdogo walisalimiana vizuri, wakauliziana hali ya miguu na ya wajukuu, kisha kila mmoja akatazama ukuta wake. Nilikuwa nimewapangia maiki kwa mstari na godoro katikati ya kila wawili, sauti zisiingiliane.

Mara ya kwanza walishindwa kuanza. Mara ya pili walianza, wakaishia mstari wa pili. Mara ya tatu Mama Mkubwa alisema, "Ameshaanza," na Mama Mdogo akavua visikizi akavitundika kwenye maiki. Nikaona mwezi mzima unaniponyoka mbele ya macho yangu. Kisanduku kipya kilikuwa kinawaka taa zake nne bila kosa, na hakikuwa na cha kurekodi.

Mama yangu ndiye aliyetoka chumbani. Nikasikia mlango wa chumba changu cha kulala. Akarudi na shuka langu, la kitandani, bado lina mikunjo ya usiku.

"Mikono yetu haina kazi," akasema. "Ndiyo maana tunagombana."

Akashika pembe moja. Mama Kati akashika ya pili. Walisimama wakingoja, shuka likining'inia upande mmoja, mpaka wale wawili wakaona haya. Nikaondoa magodoro, nikapeleka maiki kwenye pembe nne za shuka, kila moja karibu na mdomo wa mwenye pembe. Katikati palibaki upana wa shuka, na hakuna mafunzo yoyote niliyosoma yaliyonipa umbali mzuri kama ule.

Mama Mkubwa alivuta. Shuka likakaza, wote watatu wakainua videvu kwa pamoja, na wimbo ukatoka. Mistari minane, mikunjo minane. Mwisho wa wimbo shuka lilikuwa mraba mdogo mikononi mwa Mama Mkubwa. Miaka yote nimezisikia nyimbo hizi jikoni na uani, na sikuwahi kuelewa kwa nini zote zina urefu mmoja.

Wakalikunjua, wakaimba wa pili. Kisha bati likaanza kelele, na tukakaa tukanywa chai mpaka saa nane bila ya faida. Nyimbo mbili kati ya saba.

Jumapili, 21 Aprili

Imenyesha tangu alfajiri. Mume wangu alipanda juu ya bati na mvua ikimpiga, na magunia ya mfanyakazi mwenzake na zulia letu la zamani. Nilimwambia ashuke. Alisema kama dari halikuwekwa ndani, basi litawekwa nje. Amelala sasa, ana mafua.

Jumatatu, 22 Aprili

Nyimbo tano zilizobaki, kati ya saa moja na saa tatu kasorobo. Wakati wa ule wa saba mvua ilianza, na juu yetu ikasikika kama mtu anayetembea na soksi. Magunia yalizuia. Mama Mkubwa alimaliza mstari wa mwisho sauti ikiwa imebaki nusu, akaweka shuka juu ya meza yangu, akalipiga kofi dogo.

"Limekauka," akasema. Bibi alikuwa akisema hivyo akimaliza kazi. Nikaacha kurekodi baadaye sana.

Jumatano, 24 Aprili

Amepasuliwa. Ametoka salama.

Jumanne, 30 Aprili

Sauti hakuna. Daktari anasema tungoje. Anaandika kwenye kijiubao cha mjukuu wake, na hata kwa chaki anatoa amri.

Jumanne, 7 Mei

Leo ndiyo nimekaa kuchanganya zile nyimbo. Nilikuwa naogopa. Saa ni moja, kisanduku ni kimoja, nami sina pa kujificha tena.

Nimefungua njia moja moja. Mama Kati yuko sawa, anapenda kuburuta mwisho wa mstari. Mama yuko sawa. Mama Mdogo anaingia karibu kabisa na yule anayetangulia, kama mtu aliyeshika nguo ya mwenzake. Anayetangulia ni Mama Mkubwa. Kila mstari, kila wimbo, nyimbo zote saba. Unasikia pumzi fupi, unasikia shuka linavutwa, naye ameshaingia, na watatu wanamfikia.

Kwa kompyuta naweza kumrudisha nyuma kwa kidole kimoja. Nimetoa nakala nikajaribu. Wote wakaingia kwa pamoja, sawasawa kabisa, na wimbo ukalala. Hakuna aliyekuwa akivuta. Nimeifuta ile nakala.

Lakini nitamwambia nini? Mwezi Machi nilimwambia uongo nikidhani ni kweli, akacheka. Sasa nina kweli, naye hana sauti ya kunijibu.

Jumapili, 12 Mei

Amekuja mwenyewe, shingo imefungwa kitambaa. Akaandika kwenye kijiubao: "Mmoja mmoja." Nikamvisha visikizi. Alimtaka Mama Mdogo kwanza. Alimsikiliza wimbo mzima, akanionyesha kidole nirudie. Akamsikiliza tena na macho amefumba. Kisha Mama Kati, kisha mama yangu. Kisha akajigusa kifua.

Niliongeza njia yake polepole juu ya wale watatu. Nilijishughulisha na waya ambazo hazikuwa na tatizo. Nilipogeuka alikuwa ameandika, herufi kubwa: "Ni mimi."

Akafuta kwa kiganja, akaandika tena: "Usimwambie."

Nikasema sitamwambia. Amekaa muda mrefu akisikiliza sauti yake mwenyewe peke yake, ile ambayo hana tena, na mimi nikatoka nje nikamwacha.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua moja tu wiki nzima. Mama Mkubwa ameanza kutoa sauti, nzito na ya chini, kama ya mtu mwingine. Daktari anasema ya kuongea itatengemaa. Ya kuimba hakuizungumzia, na hakuna aliyemuuliza.

Jumapili, 26 Mei

Jua kali. Mume wangu ameshusha magunia, zulia limeoza.

Wote wanne walikuja kusikiliza nyimbo kwenye spika. Fundi na Hakuna Shida niliwaalika pia, wakakaa mlangoni wakibishana kuhusu waya. Tulisikiliza zote saba. Mama alilia kidogo kwenye ule wa tatu. Zilipokwisha, Mama Kati akasema basi ile kesi ifungwe, maana kisanduku kimeshasikia. Nikainama kutafuta kitu chini ya meza.

Mama Mkubwa akainua mkono. Hakuchukua kijiubao.

"Mdogo wangu," akasema kwa ile sauti mpya. "Ilikuwa mimi."

Mama Mdogo alikuwa anatoa uzi kwenye mkono wa blauzi yake.

"Najua, dada. Tangu shuka la kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ungepunguza. Sisi tungemfuata nani?"

Mama Mkubwa akamtazama mpaka mimi nikashindwa kuwatazama. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kuamuru iliyokuwa yake kabisa, nilete lile shuka.

Wakasimama kwenye pembe zao. Nikaweka maiki nne haraka haraka, kwa mazoea. Mama Kati akauliza wataimbaje watatu, nani ataanza. Mama Mkubwa alivuta pumzi, akavuta shuka, na watatu wakaingia.

Nimesikiliza jioni hii. Kwenye njia ya kwanza kuna pumzi, na kitambaa kikikazwa, mara nane, kila mara mbele kidogo ya wenzake. Nimeiacha wazi pamoja na zile tatu.